Spidiwei au motokrosi? Ulinganisho kwa kijana wa Mtwara na Lindi anayetaka kuishi kwa mbio za pikipiki

Msimu wa korosho ukifika na malipo ya mnada yakishaingia, maduka ya pikipiki ya Masasi, Newala na Tandahimba hujaa. Kijana anatoka na Boxer au TVS mpya, anaingia kijiweni, na baada ya miaka miwili mitatu ya mchanga wa pwani na vumbi jekundu la uwanda wa Makonde anakuwa na kitu ambacho wengi hawana: mkono unaojua kwamba tairi la nyuma likianza kuteleza, hufungi mafuta ghafla. Mkono huo ndio mtaji wa kwanza wa mbio zote za udongo.

Ziko mbio mbili za udongo ambazo watu huzifanya kazi ya kudumu na kulea familia. Spidiwei hukimbiwa kwenye uwanja wa mviringo kama yai, wenye urefu wa mita 260 hadi 425: madereva wanne, mizunguko minne, kukata kushoto tu, na baada ya kama dakika moja kila kitu kimekwisha. Motokrosi ni njia ya matuta, miruko na mifereji; madereva hadi 40 hujipanga kwenye geti moja, na katika ngazi ya dunia hukimbia dakika 30 na mizunguko miwili ya nyongeza, wakapumzika, wakarudia.

Hukumu tunaitoa mapema ili msomaji ajue tunaelekea wapi. Kwa anayeanzia Kusini hapa, motokrosi ndiyo ya kuanza nayo. Spidiwei inamfaa mtu wa aina moja tu, na kama ni wewe, ni lazima ujue kabla hujafika miaka 18.

Mashine yenyewe

Pikipiki ya spidiwei ina injini ya 500cc, silinda moja, mipigo minne, na hutoa zaidi ya hospawa 70. Uzito wa chini unaoruhusiwa ni kilo 77. Linganisha na Boxer 150, yenye hospawa 12 hivi na uzito unaopita kilo 110, utaona kwa nini chombo hiki hufika kilomita 100 kwa saa ndani ya takriban sekunde 3. Haina breki, si ya mbele wala ya nyuma. Haina sanduku la gia: ni klachi na mwendo mmoja tu. Nyuma kwa kawaida hakuna shokapu, na mbele shokapu ni fupi. Gurudumu la mbele ni jembamba, la inchi 23, la nyuma inchi 19. Kamba hufungwa mkononi mwa dereva na kuunganishwa na swichi, ili akianguka moto wa plagi ukatike papo hapo.

Mafuta yake si petroli, ni methanoli, na hapo ndipo mafundi wetu wa kijiweni wanapokutana na kitu kigeni. Petroli huungua vizuri kwa gramu 14.7 za hewa kwa gramu moja ya mafuta. Methanoli inataka gramu 6.4 tu za hewa. Maana yake, kwa hewa ileile injini hunywa mafuta zaidi ya mara mbili, kwa hiyo jeti za kabureta ni kubwa mno kuliko unazozijua. Faida yake ni ubaridi: methanoli huipoza injini kutoka ndani, ndiyo maana mgandamizo unaweza kupandishwa hadi kati ya 13 na 15 kwa 1 bila injini kugonga. Hasara ni nyingi. Huvuta unyevu wa hewani, na hewa ya Mtwara na Lindi ina unyevu mwaka mzima. Hula alumini na kukakamaza mpira, hivyo tangi na kabureta humwagwa na kusafishwa kila baada ya mashindano. Ikiwaka mchana, mwali wake hauonekani, kwa hiyo mtu anaweza kuungua huku wenzake wakidhani anacheza. Kuinywa hata kidogo huweza kupofusha, na wanaokumbuka habari za pombe haramu zilizoua watu wanajua sumu hii. Kwenye vituo vya mafuta vya Lindi na Mtwara hutaikuta.

Kwa kuwa hakuna gia za kubadilisha, dereva hubadilisha sproketi ya nyuma kati ya mbio na mbio. Sproketi ya nyuma huwa na meno karibu 60, kwa hiyo jino moja ni tofauti ya kama asilimia 1.7. Ni kidogo, lakini katika mbio ambazo mshindi hupatikana kwa urefu wa tairi, jino hilo ndilo linaloamua. Uwanja mfupi wenye kona kali hutaka meno zaidi, ili injini iamke haraka ikitoka kwenye kona. Uwanja mrefu hutaka pungufu. Udongo ukiwa umekauka na kung'aa, kupunguza jino hutuliza tairi lisizunguke bure. Injini hupelekwa kwa fundi maalumu, na wengi huifungua baada ya mbio 20 hadi 40. Mbio hizo ni kama nusu saa ya kazi, kisha mashine yote iko mezani vipande vipande.

Motokrosi ni ndugu wa karibu zaidi wa pikipiki uliyoizoea. Ina breki mbili, gia tano au sita, na shokapu zenye mwendo wa kama sentimita 30. Wa kuanza huchukua 125cc ya mipigo miwili, au 250cc ya mipigo minne. Petroli ya kawaida inatosha, bora iwe safi. Ya mipigo miwili huchanganywa na oili: kwa uwiano wa 40 kwa 1, lita 5 za petroli hutaka mililita 125 za oili. Pima kwa chupa yenye alama za mililita, wala usikadirie kwa kifuniko, kwa sababu oili ikipungua pistoni hukwaruza silinda, na ikizidi plagi hulowa na eksosi hujaa masizi. Fuata uwiano ulioandikwa kwenye kitabu cha pikipiki yako, maana si zote ni 40 kwa 1.

Adui wa motokrosi huku kwetu ni mchanga. Chujio la hewa ni sifongo, na linapaswa kuoshwa, kukaushwa na kupakwa oili ya chujio kila baada ya kuendesha, si kila wiki. Pakaa grisi kidogo kwenye mdomo wa chujio linapokutana na boksi lake, kwa sababu mchanga hupenya pale pembeni kuliko katikati. Ukipuuza, dalili ya kwanza ni kiki kuwa laini mguuni: mgandamizo umeshuka, ringi zimeliwa. Kwenye ya mipigo minne utaona moshi wa buluu na oili inayopungua bila kuvuja. Pistoni ya 125cc ya mashindano hubadilishwa kila baada ya saa 15 hadi 20 za kazi. Ya 250cc ya mipigo minne hudumu zaidi, saa 30 hadi 40, lakini ikivunjika huondoka na vali na kichwa cha silinda. Funga mita inayohesabu saa za kazi ya injini tangu siku ya kwanza. Oili ya injini ndogo kama hizi hubadilishwa kila saa 5 hadi 10, jambo ambalo dereva wa bodaboda aliyezoea kuhesabu kilomita huliona kama anasa. Si anasa. Injini hiyo hubeba oili kidogo sana, na inaisumbua kwa mizunguko mikubwa muda wote.

Kwa upande wa mashine, basi, motokrosi inashinda kwa mbali kwa mtu wa hapa. Fundi mzuri wa Masasi akipewa kitabu, spana ya kupimia nguvu ya kukaza na kalipa anaweza kubadilisha pistoni ya 125cc vizuri. Injini ya spidiwei utaisafirisha.

Ustadi unaotakiwa

Hapa mambo yanageuka, na dereva wa vumbi ana sababu ya kuitazama spidiwei kwa hamu.

Mbio za spidiwei huanza kwa kamba za elastiki zinazoruka juu. Ukizigusa kabla, unatolewa au unarudishwa nyuma mita 15. Dereva huinama mbele, kifua juu ya usukani, injini inalia kwa nguvu karibu zote, klachi imeshikwa nusu. Kamba zikipanda huiachia klachi kwa kiasi: ukiiachia yote gurudumu la mbele linapaa, ukichelewa wenzako wamefika kwenye kona. Kona ya kwanza ndiyo mbio yenyewe. Anayeingia wa kwanza hupumua hewa safi, watatu wengine hula udongo.

Kwenye kona pikipiki haipindwi kwa usukani. Gurudumu la mbele hutazama kulia huku mwili wote ukienda kushoto, tairi la nyuma likichimba, na mkono wa kulia ndio unaoamua duara liwe kubwa au dogo. Mguu wa kushoto umevaa kiatu cha chuma kinachoteleza ardhini. Kosa linaloumiza watu wengi ni kuogopa katikati ya kona na kufunga mafuta: tairi la nyuma linashika ghafla, pikipiki inasimama wima na kumrusha dereva juu, au inanyooka na kwenda moja kwa moja kwenye ukuta. Kosa la pili ni kupita sehemu yenye unyevu baada ya sehemu kavu bila kupunguza kidogo kabla. Mshiko unaongezeka, mbele inapaa, na breki haipo.

Dereva aliyetoka kijiweni huleta mambo mawili hapa, zuri na baya. Zuri ni kwamba kuteleza hakumtishi. Baya ni mguu wa kulia: umezoea kutafuta breki ya nyuma, na mwili hukaza pale usipoikuta. Inachukua wiki nyingi kuufuta mwendo huo.

Motokrosi inataka kusimama juu ya pegi kwa muda mrefu, magoti yakibana tangi, viwiko vikiwa juu, macho yakitazama mbali mbele ya tairi. Kinachowaangusha wanaoanza ni mikono: wanashika usukani kwa nguvu, misuli ya kigasha inajaa damu na kukaza, vidole havifungi tena klachi wala breki. Tiba yake si mazoezi ya mikono, ni kushika kwa magoti. Na kuhusu mchanga, Mtwara na Lindi wamebarikiwa. Lommel huko Ubelgiji ni uwanja wa mchanga mzito unaosifika kwa kukomaza madereva, na watu husafiri kutoka nchi nyingine kwenda kuteseka pale kwa makusudi. Mchanga hukufundisha kuweka uzito nyuma, kuacha usukani ucheze, na kutofunga mafuta. Anayeweza kukimbia dakika 20 mfululizo kwenye mchanga wa mashamba ya korosho bila kukaa kitini, ana msingi ambao wenzake wa udongo mgumu hawana.

Pesa huingiaje

Spidiwei hulipa kwa pointi. Wa kwanza hupata 3, wa pili 2, wa tatu 1, wa mwisho hana kitu. Mchezo wa ligi kwa kawaida una mbio 15, na dereva mmoja hukimbia nne, tano, hata zaidi. Mkataba husema kila pointi ni kiasi gani, na huko Poland, ambako ndiko pesa kubwa ilipo, klabu huongeza malipo ya kusaini mwanzoni mwa msimu. Anayejua maisha ya kupeleka hesabu kwa bosi ataelewa haraka: hakuna pointi, hakuna hela. Ukivunjika mfupa wa bega Ijumaa, mchezo wa Jumanne utauona kwenye simu.

Tena dereva wa spidiwei hujiajiri. Pikipiki ni zake, angalau mbili kwa kila mchezo, pamoja na injini za akiba, gari la kubebea, mishahara ya mafundi na mafuta ya safari. Msimu wa Ulaya ni kuanzia karibu Aprili hadi Oktoba, na dereva mwenye kazi huweza kukimbia Poland Ijumaa au Jumapili, Uswidi Jumanne, akaongeza Denmark au Uingereza katikati. Uzuri wa mfumo huu ni kwamba ligi ni nyingi na mbio ni nyingi, kwa hiyo hata dereva wa daraja la kati anaweza kuishi. Bingwa wa sasa wa namna hii ya maisha ni Bartosz Zmarzlik wa Poland, aliyetwaa ubingwa wa dunia 2019, 2020, 2022, 2023, 2024 na 2025, mara sita sawa na mabingwa wa zamani Ivan Mauger na Tony Rickardsson.

Motokrosi ina ngazi kali zaidi. Walio juu kabisa huajiriwa na timu za viwanda: mshahara, pikipiki, fundi, yote ya timu. Walio chini yao mara nyingi hulipa wenyewe ili wakimbie, kwa msaada wa wazazi au wadhamini. Katika Afrika Mashariki motokrosi ipo, mashindano hufanyika Kenya kwenye uwanja wa Jamhuri jijini Nairobi na Uganda kule Garuga, lakini usitegemee mshahara; hesabu udhamini wa vifaa na zawadi ndogo. Tofauti yake kubwa na spidiwei ni kwamba ngazi hiyo ina alama za miguu ya Waafrika. Greg Albertyn wa Afrika Kusini alikuwa bingwa wa dunia 1992, 1993 na 1994, kisha bingwa wa Marekani 1999. Grant Langston alitwaa ubingwa wa dunia wa 125cc mwaka 2000, na Tyla Rattray ubingwa wa MX2 (daraja la pikipiki hadi 250cc) mwaka 2008. Kwenye spidiwei hakuna Mwafrika aliyewahi kuwa bingwa wa dunia.

Hilo lisikukatishe tamaa kuliko inavyostahili, kwa sababu spidiwei imejengwa na watu waliotoka mbali. Bingwa wa kwanza wa dunia, mwaka 1936 kwenye uwanja wa Wembley, alikuwa Lionel Van Praag wa Australia. Ivan Mauger alitoka Christchurch, New Zealand, akaenda Uingereza 1957 akiwa kijana mdogo, akashindwa kupata nafasi ya kudumu, akarudi nyumbani, akajinoa upya Australia, na aliporudi Uingereza 1963 alikuwa mtu mwingine. Ubingwa wake wa kwanza ulikuja 1968. Kutoka kwenda Ulaya kwa mara ya kwanza hadi ubingwa ni miaka 11. Ipige hesabu hiyo dhidi ya umri wako.

Kuna mlango wa tatu ambao tunautaja kwa kupita: mbio ndefu za jangwani. Ross Branch wa Botswana alishika nafasi ya pili kwenye mbio za Dakar 2024 na mwaka huohuo akawa bingwa wa dunia wa mbio hizo. Wengi wanaoingia huko wametokea motokrosi au enduro (mbio ndefu za njia za porini), sababu nyingine ya kuanzia kwenye motokrosi.

Kuumia

Michezo yote miwili huvunja watu, na anayekwambia vinginevyo anakuuzia kitu. Motokrosi huumiza mara nyingi: mfupa wa bega, kifundo cha mkono, kano za goti. Spidiwei ina dakika chache za hatari, lakini kuna ukuta pembeni na pikipiki nyingine tatu ndani ya mita chache. Viwanja vikubwa huweka kuta za kujazwa upepo kwenye kona, na zimeokoa wengi, si wote. Darcy Ward wa Australia, mmoja wa vijana wenye kipaji kikubwa wa kizazi chake, alianguka Zielona Góra, Poland, Agosti 2015 na kupooza kuanzia kifuani.

Kwa mtu wa hapa swali jingine ni: nikianguka nikiwa mazoezini, napelekwa wapi? Mtwara ina hospitali ya rufaa ya mkoa Ligula na ile ya kanda kule Mitengo. Lindi ina Sokoine, na Ndanda ina hospitali ya misheni. Jeraha la uti wa mgongo linaweza kuishia MOI, taasisi ya mifupa ya Muhimbili, Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 500 kutoka Mtwara mjini. Kwa hiyo mazoezi yoyote yafanyike watu wakiwa si chini ya watatu, gari likiwa pale pale na si la kupigiwa simu, na mmoja wao awe anajua kutomvua majeruhi helmeti kwa pupa wala kumkunja shingo ili kumpandisha kwenye bajaji. Soma pia bima yako mstari kwa mstari, maana bima nyingi za ajali binafsi haziwalipi wanaoumia kwenye mashindano ya vyombo vya moto wala mazoezi yake.

Karatasi

Watu wengi hupoteza mwaka mzima hapa. Leseni ya kimataifa ya kukimbia hutolewa kupitia chama cha taifa kinachotambuliwa na FIM, shirikisho la dunia lililoanzishwa 1904, na Afrika ina tawi lake, FIM Africa. Huwezi kujiandikisha mwenyewe kwenye mashindano ya kimataifa kwa barua pepe. Anza kwa afisa michezo wa wilaya, akuelekeze Baraza la Michezo la Taifa na chama kinachohusika. Leseni ya udereva ya daraja A ni ya barabarani, haihusiani na mbio.

Kwa motokrosi safari ya kwanza inaweza kuwa Nairobi au Kampala, ambako Mtanzania huingia kwa pasipoti bila kuhangaika na viza. Kwa spidiwei safari ya kwanza ni Ulaya, na viza ya kawaida ya Schengen hukupa siku 90 tu ndani ya kila siku 180. Msimu una karibu siku 200. Kwa hiyo bila kibali cha kazi kutoka klabu, msimu mzima hauwezekani. Uingereza ina viza ya wanamichezo inayotaka barua ya kuthibitishwa na chama cha mchezo, na barua hiyo hupewa mwenye matokeo, si mwenye ndoto. Poland nayo hulinda nafasi za vijana wake wa chini ya miaka 21 kwenye timu. Njia inayobaki kwa mgeni asiye na matokeo ni kwenda kama msaidizi wa fundi au mwanafunzi wa shule ya mbio, akae karibu na klabu, apewe mizunguko ya mazoezi. Ni njia ndefu, lakini fundi mzuri hupata chakula hata asipokimbia.

Jipime hapa hapa kabla ya kuuza chochote

Kabla kijana hajamwambia mzee auze gunia moja la korosho, kuna vipimo viwili vya wiki tatu kila kimoja, kwa pikipiki ya 150cc aliyonayo. Visifanyike barabarani wala ufukweni Msimbati; pale ni hifadhi ya bahari na kasa hutaga. Tafuta eneo tupu la kijiji, upate ruhusa ya serikali ya kijiji kwa maandishi, na uepuke majira ya mvua ya Desemba hadi Aprili.

Kipimo cha spidiwei. Uwanja wa mpira wa kijiji hautoshi. Ukitaka mviringo wenye minyooko miwili ya mita 60 na kona za nusu kipenyo cha mita 25, ukingo wa ndani utakuwa na mita 277. Njia iwe na upana wa mita 10, na nje yake mita 10 nyingine zisizo na mti, jiwe wala shimo, kwa hiyo unahitaji kama mita 150 kwa 90. Ondoa kokoto, mwagia maji jioni, kimbia asubuhi. Anza na mapipa mawili tupu yaliyoachana mita 30, uyazunguke kwa gia ya pili, kushoto tu, kilomita 25 hadi 30 kwa saa, bila kugusa breki. Usiziondoe breki, ziache kwa dharura. Mwambie fundi wa kuchomelea akukatie bati la chuma la milimita 3, alikunje lifuate soli ya kiatu cha kushoto, na mikanda miwili juu. Bila chuma soli hung'ang'ania ardhi na goti husokotwa. Baada ya wiki tatu jiulize: je, napindisha kwa mkono wa mafuta, au bado napindisha kwa usukani? Mwenzako akupige video kutoka nyuma. Gurudumu la mbele likitazama kulia huku unakwenda kushoto, na sauti ya injini ikiwa haikatiki katikati ya kona, una kitu.

Kipimo cha motokrosi. Njia ya mchanga ya mita 600 hadi 800 yenye kona za pande zote mbili. Kimbia dakika 20 ukiwa umesimama, pumzika 20, rudia. Andika muda wa kila mzunguko. Mizunguko ya mwisho ikichelewa kwa chini ya sekunde 3 au 4 kulinganisha na ya mwanzo, mwili wako unaweza. Ikichelewa kwa sekunde 10, shida ni pumzi na jinsi unavyoshika, si pikipiki.

Nani achukue ipi

Una miaka 18 au zaidi, umejengeka mwili, una familia inayokutegemea: motokrosi au enduro, kwa kiwango cha Afrika Mashariki, huku kazi yako ikiendelea. Spidiwei kwa umri huo ni kuchelewa, kwa sababu wenzako wa Poland na Australia walianza na 80cc au 125cc utotoni, na 500cc huruhusiwa tangu miaka 16.

Una miaka 14 hadi 17, kilo 50 hadi 65, umefaulu kipimo cha mapipa, unapenda kufungua injini kuliko kupiga picha nayo, na kuna mtu Ulaya atakayekupokea: hapo spidiwei inastahili kufikiriwa kwa dhati. Kosa hata sharti moja kati ya hayo, hasa la mwenyeji, utakwama uwanja wa ndege au utakwama Novemba pesa zikiisha. Wakati unasubiri, kimbia motokrosi. Kona za kushoto za mchanga zinafundisha mkono uleule. Jiunge na VETA usomee ufundi wa magari au uchomeleaji, kwa kuwa klabu yoyote hupokea mikono ya kazi kabla ya kupokea dereva.

Na ukishaamua, usianze kwa kununua injini kubwa. Mpangilio wa manunuzi ni huu: helmeti yenye alama ya ECE 22.06 (kiwango cha usalama wa helmeti), mpya, si ya mtumba, kwa kuwa huwezi kujua imeshapigwa wapi, buti za motokrosi zenye bamba la ugoko, miwani, kinga ya kifua na mgongo, kinga za magoti. Ndipo pikipiki. Na pamoja nayo nunua chujio la pili la hewa, ili moja likiwa kwenye kamba linakauka, jingine liwe ndani ya boksi.